Maharage Matatu Kwenye Kofia ya Karani

Stanbrook, Koloni ya Massachusetts
Tarehe 10 Machi, 1737

Dada yangu Dorcas,

Ijulikane kwako, kwa mumeo Obed, kwa majirani zako wote wa Newport, na kwa yeyote atakayeiokota barua hii endapo mchuuzi Quimby ataidondosha tena mtoni, kwamba juzi, katika mkutano halali wa mji wa Stanbrook, ulioitishwa kwa ngoma na kufunguliwa kwa sala ya dakika arobaini, chini ya Mfalme George na mbele za Mungu, mimi ndugu yako Barzilai Stroud, fundi viatu, nimechaguliwa kuwa Msimamizi wa Nguruwe.

Baada ya kusema hayo, nakusalimu. Sisi huku hatujambo. Shangazi Prudence haoni vizuri wala hasikii, lakini ibada hakosi, na ndiye pekee anayetoka akisema mahubiri yalikuwa mafupi. Mchungaji Penhallow bado yuko kwenye sura ileile ya Waebrania aliyoianza wakati wa mavuno. Gavana na baraza la Boston wananuniana kama kawaida. Paa la nyumba ya baba linavuja upande wako, yaani pale ulipokuwa ukilala, kwa hiyo halimsumbui mtu.

Kazi yenyewe ni hii: kila nguruwe anayezurura lazima awe na nira shingoni na pete puani, asije akafukua mashamba ya watu. Nikimkuta hana, namswaga hadi zizi la mji. Mwenyewe anakuja, ananitukana, anamchukua. Mshahara hakuna, ila matusi unapewa bure.

Kwa sababu nilipinga, ikabidi ipigwe kura, na unakumbuka Stanbrook hatujaacha mtindo wa babu: punje ya mahindi ukikubali, haragwe ukikataa, vyote ndani ya kofia ya karani. Nilipata mahindi arobaini na moja na maharage matatu. Haragwe moja ni langu. Hayo mawili sijui ni ya nani, na tangu siku hiyo nawapima watu miguu huku nikiwatazama usoni.

Kwa nini wamenichagua mimi, sijui. Pengine ni kwa sababu natembea sana. Barabara mwaka huu ni barafu tupu, hata nimelazimika Jumapili tatu mfululizo kumbebea mjane mmoja, Keturah Larrabee, kile kisanduku chake cha makaa ya kupashia miguu, kutoka kwake hadi nyumba ya ibada. Nalitaja hili ili uelewe hali ya barabara.

Nduguyo,
Barzilai


Newport, Koloni ya Rhode Island
Tarehe 24 Aprili, 1737

Mdogo wangu Barzilai,

Barua yako imefika ikiwa na alama ya bilauri ya bia, kwa hiyo najua Quimby alilala wapi. Sisi wazima. Obed ana mapipa sitini ya kufunga kabla ya meli za sukari kurudi, na mgongo wake unamkumbusha umri wake. Mjukuu ameota jino, akamng'ata nalo babu yake. Mimi nina mafua. Niliyapata kwenye maji. Usiulize.

Sasa wewe, unadhani nilizaliwa wapi? Mimi si mtoto wa Stanbrook? Kazi ya nguruwe kwetu hupewa mtu mmoja tu: aliyeoa ndani ya mwaka huo. Ndiyo mzaha wa mji tangu kabla sisi hatujazaliwa. Baba alichaguliwa mwaka aliomwoa mama, akamkimbiza dume la nguruwe matopeni akiwa na koti la harusi. Sijawahi kusikia imepewa mtu asiye na mke wa moto moto. Wewe ni mjane wa miaka tisa, una miaka arobaini na tisa, na soksi zako zina matundu. Kwa hiyo, ama Stanbrook imeishiwa mabwana harusi, ama umeoa ukanificha, ama watu arobaini na mmoja wameona kitu ambacho wewe hujakiona.

Nimeuliza kwa adabu. Nijibu kwa adabu.

Na nifafanulie hali ya hiyo barabara.

Dadako,
Dorcas


Stanbrook
Tarehe 30 Mei, 1737

Dada Dorcas,

Salamu nyingi. Pole na mafua, ingawa mtu wa Newport aliyepata mafua kwenye maji ya mwezi wa nne ana mengi ya kueleza, nami nimekatazwa kuuliza. Ng'ombe amezaa. Shangazi Prudence anakusalimu na anauliza kama bado unaishi na wale watu wanaosali kimyakimya. Nimemwambia unaishi nao mtaa mmoja, si nyumba moja. Amesema ni yaleyale.

Kuhusu uchaguzi, ni makosa ya karani.

Kuhusu barabara, barafu imeyeyuka. Kisanduku bado nakibeba. Mtu akishaanza jambo, kuliacha ghafla ni kuwapa watu maneno.

Lakini lazima nikueleze habari ya Yezebeli, kwa sababu utaisikia kwa Quimby, naye ataiongeza chumvi. Yezebeli ni nguruwe jike wa Keturah. Jina hilo alipewa na marehemu Larrabee, na Shemasi Hatherly halijamkalia vizuri mpaka leo. Jumapili ya pili ya mwezi huu, Mchungaji akiwa kwenye hoja yake ya tisa, Yezebeli aliingia kwa mlango mkuu. Akapita upande wa wanaume, akatukagua. Akavuka upande wa wanawake, akasimama mbele ya benchi la Keturah, akaguna. Mchungaji Penhallow akanyamaza, akavua miwani, akasema, “Bwana Stroud, nadhani umeitwa.”

Nilimsukuma kwa makalio hadi nje, nyumba nzima ikitazama. Keturah alijifunika uso kwa leso, mabega yakimtikisika. Mlinzi wa ibada akamgusa kwa ile fimbo yake ya kuamshia wanaosinzia, akidhani analia. Hakuwa analia.

Kesho yake akaja zizini. Nakuandikia maneno yenyewe.

“Bwana Stroud, nimemfuata nguruwe wangu.”

“Hana pete puani, Bi Larrabee.”

“Alikuwa nayo. Ameimeza.”

“Na nira?”

“Ameivunja kwenye uzio wako. Uzio wako umeoza.”

Nikasema nitautazama. Hakuondoka. Akaegemea mlango wa zizi, akasema, “Nasikia mji umekupa kazi.”

“Ndiyo.”

“Na nasikia kazi hiyo haitolewi bila mke.”

Nikainama kuutazama ule uzio.

“Wanaume arobaini na wanne,” akasema, “wamekaa kutwa nzima, wamefungua kwa sala, wakapiga kura nani aolewe. Na huyo anayeolewa yuko nyumbani anasukasuka maziwa apate siagi. Mimi sikupiga kura, Bwana Stroud.”

“Lakini wanawake hawa—”

“Najua hawapigi. Ndiyo maana nakwambia.”

Dada, sijawahi kuona mtu amekasirika vizuri namna ile. Kisha akanipa habari nyingine, kwa sauti ya mtu anayesema mvua itanyesha. Kaka yake Gideoni amefungua shamba jipya huko juu ya mto, mwendo wa siku tano, na anamtaka aende akamtunzie nyumba. Gari la ng'ombe litakuja kumchukua tarehe kumi na tano Oktoba, mavuno yakiisha. Akasema, “Hapa sina cha kunizuia, ila huyu nguruwe.”

Nikasema nguruwe husafiri vizuri.

Hayo ndiyo niliyosema. Akamchukua Yezebeli wakaondoka.

Sitakuwa na la kuongeza kuhusu jambo hilo. Ila nimeanza kuelewa yale maharage mawili. Shemasi Hatherly naye ni mjane, na mwezi huu ametuma wigi lake likapigwe poda. Mtu haendi kupiga poda wigi kwa ajili ya Waebrania.

Barzilai


Newport
Tarehe 18 Julai, 1737

Mdogo wangu,

Hatujambo, tunashukuru. Joto limetulemea. Mtaa wetu sasa una makanisa manne, na kila moja lina uhakika kwamba matatu yaliyobaki yamepotea, lakini Jumatatu wote tunanunua samaki kwa mtu mmoja. Gavana wetu tunamchagua wenyewe, hatuletewi na Mfalme kama nyinyi, na kwa hiyo tunamsema vibaya bila woga na bila kumlaumu mwingine. Mafua yamepona. Obed anasema nimepungua hasira tangu yalipopona. Usiulize.

“Nguruwe husafiri vizuri.” Nimeisoma sentensi hiyo mara tatu. Nikamsomea Obed. Obed akaweka nyundo chini, akatoka nje, akasimama uani peke yake kwa muda.

Jirani zetu hao wa kimya, Wakweka, hukaa kwenye ibada saa mbili bila mtu kufungua mdomo mpaka Roho amsukume. Zamani niliwaona wa ajabu. Sasa naona wewe ungekuwa askofu wao.

Halafu nijibu hili. Kisanduku cha makaa unakibeba mwezi wa tano. Ndani yake kuna nini? Nani anapashwa miguu mwezi wa tano? Kama kiko kitupu, basi mnatembea robo ya maili kila Jumapili, mtu mzima na mtu mzima, mkisindikiza sanduku tupu, na mji mzima uko madirishani. Na bado unasema karani amekosea.

Nakujua. Huogopi kukataliwa tu. Unaona ukimwuliza sasa watasema ni mkutano uliokuoza. Huwezi kuoa kwa kura, hilo ndilo linalokukwama kooni. Na yeye hawezi kuolewa kwa kura asiyopiga. Nyote wawili mna hasira moja, na badala ya kuikalia pamoja mnapeana nguruwe juu ya uzio.

Dawa ni rahisi. Kama kilichomuudhi ni kura, mpe kura. Peleka kofia.

Oktoba si mbali, na Quimby anapita kila baa.

Dorcas


Stanbrook
Tarehe 26 Septemba, 1737

Dada Dorcas,

Salamu. Barua yako ya Julai ilinifikia tarehe tatu Septemba, ikinukia samaki. Mahindi mwaka huu yamekuwa mazuri hata watu wameanza kuogopa kwamba Mungu anatuandalia adhabu. Shangazi Prudence ameanguka ngazini, akainuka, akailaumu ngazi. Kamati ya viti imepanga upya nani akae wapi kwenye nyumba ya ibada kwa umri, mali na heshima, na sasa nusu ya mji haisemi na nusu nyingine. Mimi wamenisogeza benchi moja mbele kwa ajili ya cheo changu cha nguruwe.

Nilifanya ulivyosema. Yamekwisha, na nakueleza ili lisitajwe tena.

Jumatatu ya wiki iliyopita alikuja zizini kumfuata Yezebeli, mara ya tano. Nilikuwa nimejiandaa. Nilivua kofia, nikaweka juu ya nguzo punje moja ya mahindi na haragwe moja, nikasema, “Mkutano umefunguliwa.”

“Mkutano gani?”

“Wa mji. Mpiga kura ni mmoja.”

Akatazama punje, akatazama haragwe, akatazama kofia. Akafuta mikono kwenye aproni. “Hoja ni ipi?”

“Kwamba Keturah Larrabee na Barzilai Stroud wafunge ndoa.”

“Mjadala unaruhusiwa?”

“Ukitaka.”

“Hoja ina kasoro,” akasema. “Haisemi nani anahamia kwa nani.”

Nikasema nyumba yangu ina paa linalovuja. Akasema yake haivuji. Nikasema basi hoja irekebishwe, mimi nihamie kwake na kiwanda changu cha viatu kihamie kwenye banda lake. Akasema Yezebeli yumo bandani. Nikasema tutaelewana naye. Dada, nilidhani nimeshinda. Alikuwa anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Kisha akachukua ile punje na lile haragwe, vyote viwili, akatia mfukoni mwa aproni. “Kura haipigwi kwa kuharakishwa,” akasema. “Wanaume mlipewa siku nzima. Mkutano umeahirishwa. Kura yangu nitaileta mwenyewe mlangoni kwako.”

Nilingoja siku tano. Nilishona jozi ya viatu, vyote viwili vya mguu wa kushoto. Siku ya sita, jua likikaribia kuzama, nikasikia hodi. Nilipofungua hakuwepo mtu. Kizingitini kulikuwa na chungu chake cha udongo, cha moto, na mkate umefungwa kwa kitambaa. Nikafunua chungu.

Maharage.

Si haragwe moja, Dada. Chungu kizima. Mtu anayetaka kukataa hutosheka na moja.

Niliyala, kwa sababu yalikuwa na nyama ya mafuta na sukari guru, na sikuwa nimekula tangu asubuhi. Nilikula kukataliwa kwangu kwa kijiko. Mkate sikuwa na moyo wa kuufungua. Niliupeleka zizini, nikamrushia Yezebeli, aliyekuwa humo kwa mara ya sita. Angalau mmoja wetu alifurahi.

Jumapili sikubeba kisanduku. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, mahali kamati ya viti haijawahi kumpangia mtu. Shemasi Hatherly ndiye aliyetangaza zaburi, na nilimwona anaimba kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Gari linakuja tarehe kumi na tano. Nitamrudishia chungu chake kabla ya hapo, nikishapata ujasiri wa kukiosha.

Barzilai


Newport
Tarehe 9 Oktoba, 1737

Barzilai,

Salamu baadaye.

Siku ya sita kuanzia Jumatatu ni siku gani?

Ni Jumamosi, mdogo wangu. Jumamosi. Taja nyumba moja katika Massachusetts yote ambayo haipiki maharage Jumamosi, ili siku ya Bwana pasiwe na mtu wa kuwasha moto. Umekula maharage kila Jumamosi tangu ulipoota meno. Ulipokuwa na miaka sita uliyatapikia viatu vya mchungaji. Mwanamke amekuletea chakula, jambo ambalo hajawahi kulifanya, tena siku ambayo mji mzima uko madirishani, nawe umesoma matokeo ya uchaguzi ndani ya chungu.

Na mkate? Ulikuwa wa unga gani? Barzilai, mkate ule ulikuwa wa unga gani?

Nenda. Ukiisoma barua hii, acha kiatu, nenda.

Na kwa kuwa nakutuma majini, nikwambie na mimi nilipoingia. Nilikuficha kwa ajili ya marehemu baba. Mwezi wa nne nilibatizwa upya, na Wabatisti, pale ufukweni, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, maji hadi kifuani na barafu bado iko kwenye mawe. Mke wa watu, binti wa shemasi. Nilipozamishwa nilidhani nitasikia sauti ya baba inaniita kwa jina langu lote. Sikusikia kitu. Nilitoka nikiwa natetemeka, nikacheka mpaka Obed akanifunga blanketi kwa nguvu. Sijawahi kujuta hata siku moja, mbali na mafua.

Kwa hiyo usiniambie kwamba maji ni baridi.

Dorcas

Nimemwambia Quimby akilala Providence hata siku moja, nitamwandikia mke wake.


Stanbrook
Tarehe 30 Oktoba, 1737

Dada yangu Dorcas,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, Obed, na jino la mjukuu. Hapa tumepata baridi ya kwanza. Shangazi Prudence ametuagiza tumnunulie ngazi mpya. Maboga mwaka huu ni makubwa hata moja limebebwa na watu wawili kama mgonjwa.

Barua yako ya tarehe tisa ilinifikia tarehe ishirini na mbili. Gari la Gideoni liliondoka tarehe kumi na tano.

Liliondoka na magunia sita ya mahindi, saa ya ukutani ya mama yake Keturah, na Gideoni mwenyewe akinung'unika. Keturah hakuondoka naye. Naona umeshika kifua. Kaa, nikueleze.

Tarehe kumi na nne nilikwenda na chungu. Nilikuwa nimekiosha mara tatu. Nikamkuta katikati ya nyumba, masanduku yamefungwa kamba, magunia yameshonwa midomo, na kisanduku cha makaa kiko juu ya kila kitu. Hakunikaribisha kiti kwa sababu viti vilikuwa vimefungwa.

“Nimeleta chungu,” nikasema.

“Naona. Ulikula?”

“Nilikula.”

“Basi?”

“Basi nimeelewa.”

“Umeelewa,” akasema, “ukaacha kubeba kisanduku.”

“Ningekibebaje baada ya jibu lile?”

“Bwana Stroud, wewe unafikiri jibu langu lilikuwa lipi?”

“Maharage.”

“Yale yalikuwa chakula. Ilikuwa Jumamosi.” Akavuta pumzi. “Mkate uliuonaje?”

Dada, hapo ndipo nilipoanza kuhisi baridi miguuni.

“Unga niliusaga mwenyewe,” akasema. “Mahindi matupu, bila kuchanganya ile nafaka ya rai kama kawaida, maana ingeharibu maana. Niliuviringa mara mbili ukapasuka. Mara ya tatu nikachukua ile punje yako, nikaigandamiza katikati kwa kidole gumba, ili hata kipofu aione. Bwana Stroud, mkate uko wapi?”

“Nilimpa Yezebeli.”

Akakaa juu ya gunia.

“Kura yangu,” akasema polepole. “Kura ya kwanza niliyopiga tangu nizaliwe. Umempa nguruwe.”

“Nguruwe wako.”

“Usinitajie ni wa nani.”

Kisha mabega yakaanza kumtikisika, vilevile kama siku ile ya ibada, na safari hii mlinzi hakuwepo na fimbo. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akaniambia wiki tatu zile alidhani nimebadili nia, kwa sababu mtu anapelekewa punje ya mahindi kwenye sinia la mkate, halafu Jumapili anakwenda kukaa mlangoni kama mgeni. Alikuwa amefunga masanduku kwa hasira, na ndiyo maana kamba zile zilitushinda kufungua.

Nikavua kofia. Nikasema kura iliyoharibika hurudiwa, ndiyo sheria. Lakini mahindi yote yalikuwa kwenye magunia, yameshonwa. Akanyoosha mkono, akaomba kisu changu cha ngozi, akapasua gunia la Gideoni, akachota konzi mbili akazimimina kofiani mwangu.

“Punje moja inatosha,” nikasema.

“Punje moja ililiwa,” akasema.

Karani amebandika tangazo la ndoa kwenye mlango wa nyumba ya ibada, likae siku kumi na nne kwa mwenye pingamizi. Siku ya tatu Yezebeli alijikuna mgongo kwenye mlango ule, tangazo likaanguka akalikanyaga. Wazee wa mji walikutana kuamua kama hilo ni pingamizi. Wameamua si. Ndoa ni tarehe kumi na saba Novemba. Njooni.

Kuhusu mambo ya bahari: nilijua tangu mwezi wa tano. Hakuna mtu anayeandika kuhusu mafua kwa furaha namna ile. Baba angenuna mwaka mzima, kisha angekuuliza maji yalikuwa baridi kiasi gani. Mimi nakuuliza sasa hivi.

Barzilai


Newport
Tarehe 2 Desemba, 1737

Mdogo wangu, na mwenzako Keturah,

Hongereni kwa harusi ambayo mwaliko wake nimeupokea leo. Nimeshamwandikia mke wa Quimby.

Obed amewatengenezea pipa dogo la kutunzia mahindi. Nimemwomba aweke kifuniko kizito, kwa ajili ya mtu fulani mwenye miguu minne. Wifi yangu, nakukumbatia bila kukuona. Ukimwona ananyamaza, mtikise.

Maji yalikuwa baridi kama hukumu. Asante kwa kuuliza.

Nina ombi moja la dada mkubwa. Wale wawili wa maharage, achana nao. Umepata mke, wao wamepata nini? Nasikia kwa Quimby kwamba Shemasi Hatherly anachechemea. Barzilai, sitaki kujua kwa nini.

Dorcas


Stanbrook
Tarehe 14 Machi, 1738

Dada Dorcas,

Tunakusalimu kwa mdomo mmoja, ingawa mmoja wetu anautumia zaidi. Paa halivuji. Kiwanda kimo bandani. Yezebeli ana watoto tisa, na saba kati yao wamekwisha kulala zizini. Mchungaji amemaliza Waebrania, watu wakakumbatiana nje. Pipa la Obed limewekwa mezani, na punje moja tumeiacha humo, hailiwi.

Mkutano wa mji ulikaa juzi. Nimechaguliwa tena kuwa Msimamizi wa Nguruwe, safari hii kwa haki, kwa kuwa ni bwana harusi halali. Mahindi arobaini na matatu. Hapakuwa na haragwe hata moja, hata langu.

Mkutano ulipofungwa nilimfuata karani. Nilimwambia kwamba kwa mwaka mzima nimemshonea Shemasi Hatherly viatu vya kubana, kwa sababu ya kura yake ya mwaka jana, na sasa nataka kufanya amani naye. Niambiwe tu kwa uhakika yale maharage mawili yalikuwa yake na ya nani mwingine.

Karani akafungua daftari la mwaka jana, akapitisha kidole. Tulikuwa watu arobaini na wawili tu ukumbini, si arobaini na wanne. Kabla yangu ilipigwa kura ya daraja, na kofia haikukung'utwa.